Mikono Iliyoshika Karatasi za Emerson

Alfajiri ya tarehe 19 Julai 1850, merikebu iitwayo Elizabeth, iliyokuwa ikitoka Italia kwenda New York na shehena ya marumaru, ilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na Fire Island. Nahodha wake alikuwa amekwisha kufa kwa ndui njiani, na chombo kilikuwa mikononi mwa msaidizi wake. Nchi kavu ilionekana. Watu walisimama ufukweni wakitazama, na wengi wao walishughulika zaidi na mali iliyotupwa na mawimbi kuliko na roho zilizokuwa zikiangamia. Miongoni mwa waliozama walikuwa Margaret Fuller, mwandishi wa gazeti la New York Tribune aliyeripoti mapinduzi ya Roma ya 1849, mumewe Giovanni Ossoli, na mtoto wao ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Pamoja nao ulipotea mswada wa kitabu alichokuwa akiandika kuhusu mapinduzi hayo.

Habari zilipofika Concord, mji mdogo wa Massachusetts, Ralph Waldo Emerson alimtuma rafiki yake Henry David Thoreau ufukweni. Kazi aliyompa ilikuwa moja: akatafute mabaki na karatasi, na hasa ule mswada. Thoreau alikwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza watu waliookota vitu vya merikebu. Alirudi na machache mno. Kifungo alichokikata kwenye koti la Ossoli ndicho kinachokumbukwa zaidi. Barua chache ziliokolewa, lakini kitabu cha Roma hakijaonekana hata leo.

Naanza na mkasa huu kwa sababu unamwonyesha Emerson akiwa upande ambao sisi tunasimama tunapomtafuta yeye. Emerson, aliyezaliwa Boston tarehe 25 Mei 1803 na kufa Concord tarehe 27 Aprili 1882, ndiye mwandishi wa insha na mashairi ambaye Wamarekani humweka mwanzoni kabisa mwa fasihi yao. Alijua thamani ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mwenyewe. Kwa ajili ya karatasi za rafiki yake alimtuma mtu pwani wakati maiti bado zinatafutwa. Ndiyo maana kilichofuata kinauma.

Emerson na marafiki wengine wawili wa Fuller, William Henry Channing na James Freeman Clarke, walikusanya barua na shajara za Fuller zilizokuwa zimebaki Marekani ili watunge kitabu cha kumbukumbu zake. Kilitoka mwaka 1852 kwa juzuu mbili. Katika kukitengeneza walikata kurasa kwa mkasi, wakafunika maneno kwa wino, wakabandika vipande na kubadili sentensi. Walitaka marehemu aonekane mstahivu, asisemwe vibaya kwa ndoa yake ya siri au kwa ukali wa maneno yake. Kitabu kilisomwa sana, na kwa miaka mingi watu waliamini kwamba wamemsoma Fuller, kumbe walimsoma Fuller aliyepunguzwa na marafiki zake. Robert Hudspeth alipotoa barua zake kwa juzuu sita, kati ya 1983 na 1994, ilimbidi afanye kazi na mabaki ya mkasi ule. Bahari ilichukua mswada mmoja. Marafiki, kwa mapenzi, waliharibu mengi zaidi, na Emerson alikuwa mmoja wao.

Karatasi zake mwenyewe alizitunza kwa namna tofauti kabisa. Alianza shajara mwezi Januari 1820, akiwa mwanafunzi wa Harvard mwenye miaka 16, akaendelea kwa zaidi ya nusu karne. Madaftari ya mwanzo aliyaita kwa jina la dunia pana. Baadaye, kuanzia 1833, aliyapa herufi: A, B, C na kuendelea. Mahali pamoja aliifananisha shajara yake na benki ya akiba, anakoweka vipande vya fikra kidogo kidogo hadi vipate kuungana na vingine. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Emerson aliishi kama mtu aliyefundishwa hivyo tangu utotoni.

Akiba ikishakuwa kubwa, shida huwa ni kuipata. Basi akatengeneza faharasa. Kila daftari lilikuwa na faharasa yake, kisha akaunda faharasa za faharasa, madaftari mazima yenye orodha ya mada na, chini ya kila mada, herufi na ukurasa wa mahali alipoigusa. Alipoalikwa kuzungumza juu ya urafiki au juu ya mali, alifungua faharasa, akakusanya vipande alivyoviandika kwa miaka kumi au ishirini, akavipanga upya, akasoma mhadhara. Mhadhara ukishazunguka mijini na kupigwa msasa mbele ya wasikilizaji, uligeuka insha. Kitabu chake cha kwanza cha insha, cha mwaka 1841, kilijengwa hivyo, na cha pili cha 1844 vilevile. Kila alipochukua kifungu, alipiga mstari wa wima juu yake kwa kalamu ya risasi au wino, ishara kwamba kimekwisha kutumika.

Mistari hiyo ya wima ni zawadi kwa mtafiti. Ukishika sentensi iliyochapishwa, unaweza kurudi nyuma nayo: kutoka insha hadi mhadhara, kutoka mhadhara hadi ukurasa wa shajara, na pale ukutane na siku yenyewe, hali ya hewa, mgeni aliyekuwa ameondoka jioni ile, hasira au huzuni iliyolizaa wazo. Insha za Emerson mara nyingi husomeka kama maneno yaliyoshuka kutoka mbinguni, hayana mahali wala saa. Shajara huyarudishia mahali na saa.

Mfano ninaoupenda ni ule wa mtego wa panya. Kuna usemi unaotajwa duniani kote kuwa ni wa Emerson, kwamba mtu akitengeneza mtego bora wa panya kuliko jirani yake, ulimwengu utachonga njia hadi mlangoni pake hata akiishi msituni. Wafanyabiashara huutaja, walimu huutaja. Katika vitabu alivyochapisha Emerson haumo. Umaarufu wake ulitokana na mkusanyiko mdogo wa nukuu uitwao Borrowings, uliotolewa na wanawake wa kanisa moja la Oakland, California, mwaka 1889, miaka saba baada ya yeye kufa. Mmoja wao, Sarah Yule, alieleza baadaye kwamba aliunakili alipomsikia Emerson akihutubia huko, naye kweli alizuru California mwaka 1871. Mwandishi Elbert Hubbard alijitokeza akadai kwamba maneno ni yake.

Ugomvi huo haukuamuliwa na kelele, ulipata mwanga kutoka shajarani. Katika maandishi ya mwaka 1855 Emerson anazungumza juu ya mtu mwenye nafaka nzuri, mbao au nguruwe wa kuuza, au anayejua kutengeneza viti, visu, au vinanda vya kanisani kuliko wenzake. Huyo, anasema, utaona barabara pana iliyokanyagwa sana ikielekea nyumbani kwake, hata akiwa porini. Wazo ni lake, barabara ni yake, msitu ni wake. Mtego wa panya haumo. Inawezekana aliuongeza akiwa jukwaani, na inawezekana ulimea katika daftari la msikilizaji. Hapo ndipo mtafiti mwaminifu husimama.

Kuna maneno mengine ambayo hata ukipekua shajara zote hutayapata. Shairi linalosambazwa kwa jina lake kuhusu maana ya kufanikiwa, linalotaja kucheka mara nyingi na kupendwa na watoto, lina asili katika maandishi ya Bessie Anderson Stanley, mwanamke wa Kansas, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Stanley alistahili sifa zake. Kila kadi inayochapisha jina la Emerson chini ya maneno hayo inamnyang'anya.

Lakini shajara hazikuwa ghala la mihadhara tu. Zilibeba mambo ambayo hayakukusudiwa jukwaa. Mkewe wa kwanza, Ellen Tucker, alikufa kwa kifua kikuu Februari 1831, akiwa na miaka 19, baada ya ndoa ya mwaka mmoja na miezi michache. Tarehe 29 Machi 1832 Emerson aliandika kwa maneno machache kwamba amelizuru kaburi la Ellen na kulifungua jeneza. Hakueleza aliona nini. Mwaka huohuo aliacha uchungaji wa Kanisa la Pili la Boston, na kabla mwaka haujaisha alikuwa baharini kwenda Ulaya. Mwanahistoria Robert Richardson aliufungua wasifu wake wa 1995 kwa tukio hilo, na nadhani alifanya vema, kwani anayemjua Emerson kwa insha peke yake humdhania mtu asiyeguswa na kifo. Januari 1842 alimzika mwanawe Waldo, mwenye miaka mitano, na kurasa za siku zile haziwezi kusomwa haraka.

Hazina yote hii ilikaribia kuteketea. Asubuhi ya tarehe 24 Julai 1872 Emerson na mkewe Lidian walizinduka wakakuta nyumba yao ya Concord inawaka. Alitoka nje akawaita majirani. Concord ilikuja yote: wanaume walipanda ngazi, wakatupa vitabu na samani madirishani, wanawake wakaokota karatasi zilizotapakaa kwenye majani yaliyolowa, na mwandishi Louisa May Alcott alikuwa miongoni mwa waliosaidia. Paa na ghorofa ya juu viliharibika vibaya, lakini vitabu na miswada karibu yote iliokoka. Marafiki walichanga zaidi ya dola 10,000, nyumba ikajengwa upya, naye akapelekwa safari ya Ulaya na Misri pamoja na binti yake Ellen. Walipanda Nile hadi Philae, wakarejea mwezi Mei 1873 na kupokewa na mji mzima.

Moto uliacha karatasi, lakini kumbukumbu ya mwenye karatasi ilikuwa imeanza kudhoofika hata kabla ya siku ile, na baadaye ilizidi kuporomoka. Majina ya vitu yalimponyoka, halafu majina ya watu. Alikuwa na mkataba wa kitabu, na hakuweza tena kuifungua ile benki yake na kuchagua. Ndipo Ellen na James Elliot Cabot, rafiki aliyekuja kuwa msimamizi wa maandishi yake, wakaingia chumbani mwake na kufanya kazi ambayo kwa miaka 40 aliifanya peke yake. Walipekua madaftari na mihadhara ya zamani, wakaunganisha kurasa, wakajaza mapengo, wakamwonyesha naye akakubali. Kitabu Letters and Social Aims kilitoka Desemba 1875 kikiwa na jina lake jaladani. Maneno yaliyomo kwa sehemu kubwa aliyaandika yeye, ila mpangilio mara nyingi ni wa Cabot na Ellen. Basi kitabu kilichotoka mwandishi akiwa hai kinahitaji kuulizwa maswali yaleyale tunayouliza juu ya vitabu vilivyotolewa baada ya kifo. Wahariri wa toleo la kitaalamu la 2010 walilieleza jambo hilo kwa kina.

Baada ya 1882 karatasi zikawa za Cabot kuzisimamia, kisha za Edward, mwana wa Emerson, daktari aliyeacha tiba akajitolea kwa urithi wa baba yake. Cabot alitoa wasifu wa juzuu mbili mwaka 1887. Edward alihariri toleo la juzuu 12 la kuadhimisha miaka mia tangu kuzaliwa kwa baba, 1903 na 1904, na kati ya 1909 na 1914 yeye na mpwa wake, Waldo Emerson Forbes, walichapisha shajara kwa juzuu kumi. Nyuma ya matini aliweka maelezo ambayo ni mtoto tu aliyekulia nyumba ile angeweza kuyatoa, na hakuna mtafiti anayeweza kuyapuuza.

Hata hivyo mwana anapohariri shajara za baba, kuna kurasa huzigeuza upesi. Edward aliacha mengi. Aliondoa rasimu zilizorudiwa, akalainisha, na baadhi ya mambo ya ujana akayapita kimya. Akiwa Harvard, Emerson alivutiwa mno na mwanafunzi mwenzake aitwaye Martin Gay, mtu ambaye karibu hakuwahi hata kuzungumza naye, akayaandika hayo kisha yeye mwenyewe akayafuta kwa wino mzito. Msomaji wa mwaka 1914 hakuwa na njia ya kupima ni kiasi gani hakipo.

Warithi waliziweka karatasi Harvard, ambako Maktaba ya Houghton ilifunguliwa mwaka 1942 kwa ajili ya miswada na vitabu adimu, na huko ndiko mkusanyiko mkuu uliko hadi leo. Ralph Rusk wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa amekwisha kutoa barua kwa juzuu sita mwaka 1939, akifuata nyaraka zilizotawanyika kwa watu binafsi na maktaba nyingi. Eleanor Tilton aliongeza nyingine nne katika miaka ya 1990. Kati ya kazi hizo mbili kilikuja kikosi cha wahariri kilichoongozwa mwanzoni na William Gilman, kikaamua kuchapisha shajara na madaftari jinsi yalivyo: pamoja na maneno yaliyofutwa, yaliyopachikwa juu ya mstari, tahajia zilizokosewa, na ile mistari ya wima. Juzuu la kwanza lilitoka 1960, la 16 likatoka 1982. Gilman hakuishi kuliona la mwisho.

Mwaka 1968 Lewis Mumford, mhakiki aliyempenda Emerson kwa dhati, aliyashambulia matoleo hayo katika New York Review of Books. Alisema wataalamu wamemfungia mwandishi nyuma ya seng'enge: kila sentensi imejaa mabano ya pembe na mishale, msomaji wa kawaida hawezi kupita. Mhakiki mwingine, Edmund Wilson, naye akaingia vitani upande huohuo, na ugomvi ukawa wa taifa zima la wasomi kuhusu fedha za umma na vitabu vya zamani.

Namwelewa Mumford. Emerson aliandika ili asomwe, na ukurasa wenye alama ishirini humkimbiza hata msomaji mwenye subira. Baadaye Joel Porte alitoa uteuzi laini wa shajara mwaka 1982, na Lawrence Rosenwald akatoa mwingine wa juzuu mbili mwaka 2010, vitabu ambavyo mtu anaweza kusoma kibarazani. Lakini nasimama na Gilman na wenzake. Seng'enge ile ndiyo inayokuwezesha kuona mkono ukisita. Bila alama zile tungebaki kumtegemea mpenzi mwingine mwenye mkasi, kama Emerson alivyokuwa mpenzi mwenye mkasi kwa Fuller. Na juu ya jambo moja kubwa kuliko yote, kurudi kwenye karatasi zenyewe kulibadilisha kabisa picha ya mtu huyu.

Jambo hilo ni utumwa. Oliver Wendell Holmes, daktari na mshairi, alitoa wasifu wa Emerson mara tu baada ya kifo chake. Katika kitabu hicho Emerson ni mwanafalsafa mtulivu aliyekaa mbali na kelele za wapinga utumwa. Holmes mwenyewe hakuwapenda wapinga utumwa, na alimvisha rafiki yake koti lake. Picha hiyo ilidumu. Wasomi wa karne ya 20 waliirithi, na wengi wakamshutumu Emerson kwa baridi ambayo kwa kiasi fulani ilikuwa ya Holmes.

Shajara zinasema nini? Kwanza zinasema jambo ambalo msomaji wa Afrika hana budi kulijua. Novemba 1822, kijana wa miaka 19, alizipima hoja za wanaotetea utumwa na kuandika juu ya Waafrika kwa milinganisho ya kuwashusha hadhi, ya kuwatazama kama viumbe wa ngazi ya chini. Alimalizia kwa kusema kwamba kuitetea taasisi hiyo ni kuishambulia akili yenyewe. Vyote viwili vimo katika maandishi ya kipindi kimoja, dharau na hukumu, na fikra za daraja za mbari hazikumtoka hata uzeeni. Kitabu chake juu ya Waingereza cha 1856 kinazo. Nell Irvin Painter, katika historia yake ya wazo la weupe ya mwaka 2010, alimweka Emerson katikati ya mashtaka, na ushahidi wake ni maandishi ya Emerson.

Halafu zinaonyesha mtu akisukumwa. Wanawake wa Concord waliunda chama cha kupinga utumwa mwaka 1837. Mary Merrick Brooks alikiongoza kwa ukakamavu, na Lidian Emerson pamoja na akina mama wa nyumba ya Thoreau walikuwamo. Hao ndio waliomwalika kuhutubia tarehe 1 Agosti 1844, siku ya kumbukumbu ya ukombozi wa watumwa katika visiwa vya Waingereza vya Karibi. Ili ajiandae, alisoma historia ya Thomas Clarkson na ripoti ya Thome na Kimball juu ya visiwa vile baada ya utumwa. Kile alichokijua kwa jumla akakiona kwa mifano: mjeledi, kinu cha miwa, mwili wa mtu mmoja. Aliposimama, aliwaambia majirani zake kwamba sukari na kahawa zao zilikuwa tamu, na hivyo hawakuuliza zimetoka wapi.

Pamba nayo ilikuwa hivyohivyo, na hapo pwani yetu inaingia katika habari hii. Kitambaa cha merikani kilichovaliwa Unguja na kubebwa na misafara hadi Maziwa Makuu kilifumwa katika viwanda vya New England, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts ambako Emerson alihutubia mara nyingi, ndio waliokileta. Mmoja wao, Richard Waters, aliyekuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar kuanzia 1837, aliandika shajara zilizohifadhiwa. Anayetaka kuelewa dhamiri ya Massachusetts ya miaka ile angefanya vizuri kuzisoma pamoja, ya mwenye kufikiri Concord na ya mwenye kuuza Forodhani.

Sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka ilipopitishwa mwaka 1850, na Boston ikamkabidhi Thomas Sims kwa bwana wake Aprili 1851, shajara ya Emerson ilibadilika sauti. Kurasa kwa kurasa zimejaa ghadhabu dhidi ya Daniel Webster, seneta aliyeiunga mkono sheria hiyo, ambaye alikuwa shujaa wake tangu ujana. Tarehe 3 Mei 1851 aliwahutubia wananchi wa Concord akawaambia sheria hiyo haistahili kutiiwa. Alirudia hotuba hiyo miji mingine, na Cambridge wanafunzi walimzomea. Hotuba haikuingia katika vitabu vyake hadi Edward alipoitia katika toleo la 1904. Kwa miaka 53 msomaji wa vitabu vya Emerson angeweza kuvimaliza vyote asiione.

Mtafiti Len Gougeon ndiye aliyeifuata njia hii hadi mwisho. Kitabu chake Virtue's Hero cha mwaka 1990 kilijengwa kwa barua, shajara, kumbukumbu za vyama na magazeti ya wapinga utumwa kama Liberator, ambayo yaliripoti hotuba ambazo Emerson hakuzihifadhi. Magazeti ni chanzo chenye ugumu wake: Emerson alichukia waandishi walioripoti mihadhara yake neno kwa neno, kwani mhadhara uliokwisha kusomwa gazetini haukumpa tena riziki. Katika hotuba za utumwa, hata hivyo, ripoti hizohizo mara nyingine ndizo pekee zilizobaki. Mwaka 1995 Gougeon na Joel Myerson waliziweka pamoja katika kitabu kimoja, na Emerson wa Holmes akakosa pa kusimama.

Kati ya madaftari ya Emerson lilikuwamo moja aliloliita WO Liberty, alilolitumia miaka ya 1850 kukusanya hoja na rasimu juu ya utumwa, sheria na uhuru. Faharasa na madaftari mengine yanalitaja, na Gilman na wenzake walipoanza kazi halikuwa mahali pake. Mwaka 1966 John Broderick alitangaza katika jarida la American Literature kwamba limepatikana: lilikuwa Washington, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ndani ya karatasi za Moorfield Storey. Storey alikuwa mwanasheria wa Boston aliyepinga vita vya Marekani huko Ufilipino na kuwa rais wa kwanza wa NAACP, chama kilichoundwa 1909 kutetea haki za Wamarekani weusi. Alifariki 1929. Daftari la Emerson juu ya uhuru lilikaa kimya katika karatasi za mtu ambaye, kati ya Wamarekani wote weupe wa kizazi chake, alikuwa na sababu nzuri kupita wengine ya kulihitaji. Lilichapishwa katika juzuu la 14 la shajara, mwaka 1978, pamoja na madaftari ya miaka yake, likiwa na maneno yaliyofutwa na mistari ya wima.